Kikundi cha Walezi wa Waongofu: Ubatizo wa Pasaka

Katibu: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Orodha ya waongofu wanaoomba kubatizwa Pasaka hii imemfikia Mchungaji, naye ameomba kila mlezi aeleze hali ya watu wake kabla ya kikao cha wazee.

Mama Mlezi: Amina. Yule mama aliyeokoka akiwa hajui kusoma, juzi alitusomea aya kadhaa za Injili ya Marko, akifuata mstari kwa kidole na kurudia kila neno lililomshinda, hadi mumewe, ambaye bado hajaokoka, akatoka chumbani kuja kusikiliza. Nilifurahi mno. Hata hivyo, watoto wake wanasoma kwa fedha ya wanzuki, pombe ya kienyeji anayouza, naye ameniuliza waziwazi atawalisha nini akiiacha. Kitabu chetu cha masomo hakina jibu la swali hilo.

Mzee wa Kanisa: Ndiyo maana nasema tusiharakishe. Kardinali Lavigerie wa Kanisa Katoliki, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliwaagiza mapadre wake waliokuja huku Maziwa Makuu wamfundishe mtu miaka 4 kabla ya kumbatiza. Sisi si wa dhehebu lao, lakini tunafundisha miezi mitatu tu, kisha tunashangaa kumkuta aliyebatizwa amemfunga mwanawe hirizi kiunoni homa ilipopanda.

Mwinjilisti: Shikamoo Mzee. Katika historia hiyo hiyo, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alimbatiza kijana Kizito na wenzake kule Munyonyo mwaka 1886, muda mfupi kabla hawajapelekwa Namugongo kuuawa, na hawakurudi nyuma. Hirizi ile haikufungwa kwa sababu ya uchache wa masomo. Ilifungwa kwa sababu saa nane usiku bibi wa mtoto alikuwepo, nasi hatukuwepo.

Mzee wa Kanisa: Marahaba. Lakini kumbuka kwamba vijana wale walikuwa na Lwanga mchana na usiku pale ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, akiwa mkuu wao na mwalimu wao, ilhali sisi watu wetu tunaonana nao Jumapili, tena wakiwa wamevaa vizuri.

Mchungaji: Hapo nyote wawili mnasema jambo moja. Paulo alipolazimika kuondoka Thesalonike na kuacha kanisa changa, alimtuma Timotheo arudi kuwaimarisha. Kuanzia sasa mlezi asibebe zaidi ya familia tatu, na akipigiwa simu usiku aende, hata kama kazi yenyewe ni kutafuta bodaboda ya kumfikisha mtoto hospitali, maana malaria inahitaji dawa pamoja na maombi. Kuhusu mama wa wanzuki, sitamtaka aache kipato chake kabla hatujamsaidia kupata kingine, ingawa najua baadhi ya wazee hawatapenda kauli hii.

Mhazini: VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama, inaweza kumkopesha mtaji mdogo, mradi apate wadhamini wawili.

Mama Mlezi: Mimi ni mdhamini wa kwanza. Anataka kununua dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba awakaange na kuwauza pale pale anapouzia pombe, kwa kuwa wateja wameshapazoea. Naomba jina lake lisiondolewe kwenye orodha.

Mzee wa Kanisa: Libaki. Alhamisi nitakwenda mwenyewe kumsikiliza, na udhamini wa pili niandikieni mimi.