Mjadala: Sheria ya tumbaku iwafuate vijana hadi mtandaoni?

Mama wa Donholm: Wenzangu, juzi binti yangu wa kidato cha tatu alinionyesha video ya kijana anayempenda kwa densi zake. Katikati ya densi anatoa kifuko cheupe cha nikotini, anakibana chini ya mdomo, anatabasamu, anataja ladha ya mnanaa. Chini kuna namba ya WhatsApp, na bodaboda inakuletea hadi mlangoni. Umri haukuulizwa popote.

Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo na kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mabango ya sigara yakatoweka barabarani. Lakini bango lilikuwa na mwenyewe. Ulijua wa kumshtaki. Tangazo la simuni linakuja na sura ya rafiki, na mwenye bidhaa yuko nyuma ya pazia. Mtoto wa miaka 15 ubongo wake ungali unakua, na nikotini humnasa upesi. Ninataka sheria iseme wazi: aliyepewa pesa, zawadi au mzigo ili aonyeshe bidhaa hizi ametangaza biashara, na wa kwanza kushtakiwa awe aliyempa.

Mwenye duka, Pipeline: Pole, mama. Ila tuambiane ukweli. Sheria hiyohiyo inataka pakiti isipungue sigara kumi, na huku kwetu sigara mojamoja inauzwa kila kona. Walioshindwa na kibanda wataiweza TikTok? Atakayelala seli ni kijana wa mtaa aliyelipwa kidogo kwa video yake. Kampuni ina mawakili.

Mama wa Donholm: Hilo la kijana limenigusa, ndugu yangu, na ndiyo maana nimesema aanze aliyempa. Kuhusu mawakili, tunawajua. Kanuni za tumbaku za 2014 zilipingwa na kampuni ya sigara ya BAT hadi Mahakama ya Juu, na kampuni ikashindwa Novemba 2019. Serikali ilishinda, lakini hesabu miaka iliyopita. Oktoba 2020 Mutahi Kagwe, akiwa waziri wa afya, alipinga jinsi vifuko vya nikotini vya Lyft vilivyosajiliwa. Baadaye vikarudi madukani kwa jina lingine. Kila tunapochelewa, darasa zima linamaliza shule likiwa limeshaonja.

Na kibanda chako si sawa na simu. Muuza sigara wa Pipeline hajui kwamba binti yangu anapenda densi. Simu inajua, na inamletea kitandani saa nne usiku, video baada ya video. Kwa hiyo mtandao unaobeba video hizo nao uwajibike: ukiarifiwa, uziondoe, na ueleze nani alilipia.

Kama una njia bora ya kumlinda kijana wa video bila kuiachilia kampuni, iandike hapa. Jumamosi tuna kikao cha wazazi shuleni, nami nitaisoma mbele yao.