Naomba ushauri: hadithi ya Chekhov darasani

Ndugu zangu, salaam. Nafundisha fasihi kidato cha tatu. Nimewatafsiria wanafunzi hadithi fupi ya Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, ya mwaka 1883: karani anapiga chafya ukumbini, na mzee aliyeketi mbele, mwenye cheo cha jenerali, anafuta upara na shingo kwa glovu. Karani anaomba radhi, anarudia na kurudia, hadi anafukuzwa. Anarudi nyumbani, anajilaza na sare yake, anakufa.

Walicheka sana, kisha wakauliza: kwani chafya ni kosa? Nikakwama. Urusi ile ilipanga watumishi wa serikali kwa ngazi 14 tangu 1722, ndiyo maana karani anamwogopa mwenye cheo kikubwa. Niwaeleze hilo kabla ya kusoma, au baada? Na jenerali aitwe “Mtukufu” au “Mheshimiwa”? “Mheshimiwa” wanalisikia bungeni kila siku, nahofia litawatoa Urusi.