Nesi wa kliniki kaniandikia darasa la malezi. Niende au nipotezee?

FundiSimu_88
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msinitukane, nina mawazo.

Wiki iliyopita mama watoto alikwenda msibani, akaniachia maagizo nimpeleke dogo kliniki kwa chanjo. Dogo ana miaka 2 na miezi 9. Nikafika saa 1 asubuhi, mwanaume peke yangu kwenye benchi la akina mama, wakanipisha mbele. Baada ya mizani nesi akaniita pembeni. Maswali mengi: anaongea maneno mangapi, anacheza na nani, anashinda na nani. Mwisho akaniandikia kikaratasi: kikundi cha malezi, kila Alhamisi saa 3, wiki nane, mimi na mke wangu.

Mimi fundi simu. Nisipofungua kibanda hakiliki kitu. Hivi ni lazima? Nisipoenda wanaweza kumnyima mtoto huduma?

Mzee wa Benchi
Hongera kwa kufika kliniki. Mimi nina watoto sita na sijui mlango wake unafungukia upande gani. Sisi tulilelewa bila semina na tumekuwa watu.

MamaPacha
Mzee wa Benchi, hiyo "tumekuwa watu" mnajisemea wenyewe. Tuulizeni sisi tuliowapikia.

Fundi, nenda. Mimi niliandikiwa hivyohivyo, Kulwa akiwa na mwaka na nusu, hatamki hata "mama". Nilijua ni mambo ya kupewa soda na daftari. Kumbe tunakaa kwenye mkeka, mhudumu wa afya wa mtaa anatufundisha kutengeneza manyanga kwa chupa ya maji na punje za mahindi, kupanga vifuniko, na kuongea na mtoto unapomwogesha: "huu mkono wa kulia, huu wa kushoto". Wiki ya kwanza nilijiona chizi, naongea peke yangu uani. Mama mkwe akaanza kuwapigia simu ndugu kwamba nimerogwa, na hapo ndipo ugomvi wetu wa kiwanja ulipoanzia, ila hiyo nitaifungulia uzi wake.

nesi_zamu_ya_usiku
Huduma hanyimwi mtu. Ila mimi nipo kliniki miaka mingi. Asubuhi moja tunapima watoto kibao, muda wa kumvuta mzazi pembeni haupo. Kwa nini wewe?

FundiSimu_88
Sijui. Labda kwa sababu nilikuwa mwanaume.

Kipimo
Mkuu, funguka. Ushauri wa nusu habari utakupeleka nusu njia.

FundiSimu_88
Haya. Alipomvua suruali amtie kwenye ile kaptula ya mizani aliona alama pajani. Za waya wa chaji. Nilimchapa mara mbili tu. Alitumbukiza simu ya mteja kwenye ndoo, simu ya laki sita, si yangu! Nyie mngefanyaje?

Nesi hakunifokea, alipitisha kidole tu kwenye zile alama, akanitazama. Afadhali angefoka.

Mama yake hajui. Dada wa kazi nimemwambia aseme alijikwaruza kwenye mabati. Na nimeshakata tiketi, Jumamosi dogo anakwenda kwa bibi Singida mpaka mambo yapoe. Kule kuna hewa, kuna kuku wa kienyeji, atanenepa. Sioni ubaya.

MamaPacha
Waya? Kwa mtoto ambaye miaka mitatu hajafika? Na dada wa watu unamfundisha uongo! Nimeishiwa nguvu.

Mzee wa Benchi
Mimi baba alitumia mkanda wa jeshi.

Kichwa Maji
Ndiyo maana mpaka leo unakaa benchi.

Wakili wa Uswazi
Tulieni. Fundi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu ya kikatili kwa mtoto. Inaruhusu "marekebisho" yanayofaa kwa umri, na hakuna hakimu atakayeliita waya kwa mtoto wa umri huo marekebisho. Lakini nesi angetaka ufike mbali angekuelekeza polisi ukachukue PF3, ile fomu ya aliyejeruhiwa, au angemwita afisa ustawi wa jamii palepale. Amekupa kikaratasi cha mkeka na manyanga. Hujui bahati uliyopata.

Mratibu_Jamii
Niongeze kidogo. Hii haikutoka kichwani mwa nesi. Kuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, inagusa watoto wa miaka 0 hadi 8. Zahanati zimo humo kwa sababu mzazi ambaye hahudhurii mkutano wa mtaa, kwenye mizani atafika tu. Pia namba 116 ni ya bure, unaweza kupiga kuomba ushauri, si lazima uwe unashtaki mtu.

Kichwa Maji
MMMAM? Hiyo programu au mtu anawasha bodaboda asubuhi?

Kipimo
Sasa nimeshtuka. Wakuu, hii ni chai. Miaka 2 na miezi 9, chanjo gani? Surua-rubela dozi ya pili ni miezi 18, baada ya hapo hakuna sindano ya ratiba kwa umri huo. Halafu katikati anaibuka mtu na jina refu la programu na namba ya simu. Fundi na Mratibu ni mtu mmoja, tunapikiwa tangazo la mradi.

Mzee wa Benchi
Nilijua! Fundi simu gani anaacha ndoo wazi kibandani?

FundiSimu_88
Ndoo ilikuwa nyumbani, mzee. Na sindano hakuchomwa. Walikata kidonge chekundu kwa mkasi wakamminyia mdomoni, wakampa na kingine cha kutafuna. Mama yake alisema chanjo, nami nikajua ndiyo hiyo.

nesi_zamu_ya_usiku
Hiyo ni vitamini A na dawa ya minyoo, tunatoa Juni na Desemba. Chekundu ni kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, cha bluu ni kwa wa miezi 6 hadi 11. Baba asiyejua jina la kitu ila anakumbuka mkasi, huyo alikuwepo.

Kipimo
Au kaperuzi. Sawa, nimekaa pale, naangalia.

nesi_zamu_ya_usiku
Fundi, sikiliza. Singida nako wana mizani na kaptula. Bibi naye ataogesha. Ulimjibu nesi dogo anaongea maneno mangapi?

FundiSimu_88
Nilisema mengi. Ukweli hata kumi hayafiki. Anashinda kwenye katuni, dada ana kazi zake. Na tangu siku ile nikirudi anajificha nyuma ya pazia. Nilidhani anacheza.

MamaPacha
Mwambie mama yake leo, kabla dada hajamwambia.

FundiSimu_88
Anarudi kesho usiku. Tiketi nimeisogeza Jumapili, sijaifuta, kwa hiyo msianze kunipigia makofi. Hivi wakisema saa 3 ni saa 3 kweli? Kuna mteja nimemwahidi kioo chake Alhamisi saa 5.

Mratibu_Jamii
Wanaanza saa 4 kasoro. Fika na kopo tupu na vifuniko.

Kichwa Maji
Mkuu, nauli ya Singida sasa hivi bei gani? Kama hiyo tiketi unaiuza, nina safari.