Aliyeniuzia "mwongozo wa kuku msimu wa baridi" anirudishie pesa yangu. Kuku 17 wamekufa

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie.

Nafuga hapa nyumbani Kivule, Dar es Salaam, uani tu, si mradi wa kujivunia. Mwezi wa tano nilikuwa na kuku 46: mitetea 41 na majogoo matano, mchanganyiko wa kienyeji na chotara. Leo nimehesabu 29. Hakuna mwizi wala kicheche aliyeingia. Nimewaua mwenyewe, kwa maelekezo niliyoyalipia shilingi 15,000.

Iko hivi. Kuna grupu la WhatsApp la wafugaji, na humo kuna jamaa anajiita mtaalamu. Masika yalipokaribia kuisha akaanza kututisha: kipupwe hicho kinakuja, baridi inaua, kuku wataacha kutaga, nunueni mwongozo mapema. Nikatuma pesa, nikaletewa faili la kurasa 11. Kwa kifupi linasema hivi: ziba mianya yote ya banda joto lisitoke. Usitoe matandiko ya sakafuni, ongeza mapya juu ya yale ya zamani mpaka majira ya machipuko. Washa taa kuku wapate saa 16 za mwanga. Wapake mafuta mazito kwenye upanga wa kichwani usije ukaungua kwa baridi. Na kila asubuhi vunja barafu kwenye chombo cha maji.

Barafu. Kivule.

Mke wangu ndiye aliyeisoma hiyo ya barafu kwa sauti. Yeye anauza barafu za ubuyu, mia mia, friji iko sebuleni. Akaniuliza, "Baba Nasra, tunavunja hizi zangu au tunanunua nyingine?" Nikamkasirikia, nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Naandika hili kwa aibu, lakini acha niandike, maana najua humu kuna wengine wameshanunua na wamenyamaza.

Nikanunua turubai. Nikazungushia banda lote, juu mpaka chini, nikabana na misumari na vipande vya mbao. Kazi safi kabisa, fundi angeipenda. Nikafunga balbu mbili. Usiku nikamshika jogoo mmoja mmoja nikampaka mafuta ya mgando kwenye upanga, asubuhi wakaenda kuoga vumbi, wakarudi na vichwa kama wametoka kubeba saruji. Matandiko sikuyagusa. Kumbukeni mvua za mwisho zilikuwa zimeshaingia bandani, kwa hiyo maranda ya chini yalikuwa mabichi tangu siku hiyo ninayoziba.

Wiki ya kwanza nilijisifu. Banda la moto! Wiki ya pili usiku nikawa nasikia kuku wanakoroma. Mitetea inafumba jicho moja, povu dogo kwenye kona ya jicho. Nikampigia mtaalamu. Akasema ni baridi bado inapenya, ongeza joto. Nikaongeza balbu ya tatu. Wakaanza kufa, wawili leo, mmoja kesho, siku moja wanne kwa mkupuo.

Ndipo nikaenda kwa bwana mifugo wa kata, mtu ambaye nilipaswa kumwona kabla ya kutuma hata shilingi. Alipoingia bandani hakugusa kuku. Alichuchumaa mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kuku, akaniambia, "Kaka, njoo ukae hapa." Nikachuchumaa. Haikufika dakika, machozi yakaanza kunitoka na koo likawasha kama nimevuta hewa ya kitunguu na jiki kwa pamoja. Nikiwa nimesimama sikuwa naisikia harufu hiyo vile. Akaniambia, "Wewe umekaa dakika moja. Wao wanalala humu."

Ni amonia. Kinyesi kikikutana na unyevu na joto, inazalishwa, na kwa sababu nimeziba haina pa kutokea. Inaunguza macho, inaharibu vile vinyweleo vya kwenye koo la hewa vinavyozuia vijidudu, halafu magonjwa ya mfumo wa hewa yanaingia bila hodi. Akampasua mtetea aliyekufa asubuhi hiyo, juu ya mfuko wa saruji, akanionyesha mifuko ya hewa. Kwa kawaida ni ngozi laini inayopitisha mwanga kama nailoni. Ya kwangu ilikuwa na ukungu mweupe na vipande kama maziwa yaliyoganda. Sitaki kuiona tena.

Turubai aliling'oa yeye mwenyewe, hakunisubiri. Alibakisha upande mmoja tu, wa kusini unakotokea upepo wa Kusi, na hata huo akaukata ukaishia kiunoni. Juu wavu mtupu. Tukatoa matandiko yote, tukakuta ya chini yameshikana kama keki, tukapiga chokaa, tukaacha sakafu ikauka, tukaweka maranda makavu. Akaniandikia dawa ya kwenye maji kwa siku tano, na akanikataza kuuza au kula mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe. Kwa hiyo juu ya kuku 17 weka na mayai. Na wateja wangu wa mtaani, ambao sasa wanachukua kwa jirani na jirani hataki kuwarudisha.

Sasa nimsemee huyu mtaalamu, maana najua anasoma humu.

Wewe ndugu, ulichotuuzia ni maelezo ya watu wa Marekani au Uingereza, umeyapitisha kwenye simu yakawa Kiswahili. Kwao yana maana kabisa, siwalaumu. Kule maji yanaganda kweli, na upanga wa jogoo unakufa kweli kwa baridi. London mwezi wa 12 mchana haufiki saa nane, ndiyo maana kuku wao wanaacha kutaga na wao wanawasha taa. Dar mchana mfupi kuliko yote, huu wa mwezi wa sita, unakaribia saa 11 na dakika 45, na tofauti yake na ule mrefu wa Desemba haifiki hata saa moja. Kuku wangu akiacha kutaga Juni hajakosa mwanga. Ananyonyoka manyoya, ana minyoo, ana utitiri, anataka kuatamia, au chakula nilichompa ni pumba tupu. Wenye kuku wa mayai wa kisasa wanawasha taa, najua, msinijie juu, lakini wale wana ratiba na chakula kinachoendana nayo. Mimi nina kienyeji kumi na kitu wanaotaga chini ya mwembe.

Na hiyo baridi yenyewe! Usiku wa Julai hapa mjini ni nyuzi 18, 19, hivi. Kuku mwili wake una nyuzi 41 hivi na amevaa koti la manyoya mwaka mzima. Mkubwa mwenye afya haumizwi na kipupwe cha Dar, anaumizwa na kulowa na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelowa. Ungekuwa umemwandikia mtu wa Makete, kule milimani Njombe ambako sakitu, ule umande ulioganda, inaunguza majani ya viazi, ningekuelewa kidogo. Na hata Makete hufungi banda kama jeneza.

Wanaohitaji joto ni vifaranga, na hapo ndipo faili lako lina mistari miwili tu. Wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, halafu unashusha taratibu kila wiki. Huna kipimajoto? Waangalie. Wakijilundika chini ya taa wana baridi, wakikaa pembezoni midomo wazi wana joto, wakisambaa na kulala hovyo kila mahali uko sawa. Bibi yangu Rufiji alijua hilo bila faili, alikuwa anatumia chungu chenye mkaa, na alikuwa anaacha dirisha la juu wazi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kurasa 11 zote hazina neno kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Hata mara moja! Mfugaji yeyote wa kienyeji nchi hii anajua kideri kinapenda kupiga kipindi hiki cha ukavu, kuanzia kipupwe mpaka karibu na vuli. Chanjo yake, inayoitwa I-2, inatengenezwa hapa hapa Kibaha, tone moja kwenye jicho, unarudia kila miezi mitatu. Gharama yake kwa kuku mmoja haifiki bei ya barafu moja ya mke wangu mkigawana chupa na majirani. Hilo ndilo la kumwambia mtu mwezi wa tano. Hilo, na asiingize kuku wa kununua sokoni Shekilango moja kwa moja kwenye kundi bila kuwatenga wiki mbili. Huko kwenye mafuta ya mgando umetumia ukurasa mzima na picha.

Nilipomwandikia kwenye grupu nikiwa na picha ya mtetea aliyepasuliwa, alijibu, "Mzee, kuku wako walikuwa dhaifu toka mwanzo." Picha ikafutwa. Nikaweka tena, ikafutwa tena. Wawili wakanifuata inbox kimya kimya, mmoja wa Goba, mmoja wa Mbagala. Wote wameziba mabanda. Yule wa Goba ameweka na jiko la mkaa ndani usiku. Nilimpigia simu saa hiyo hiyo saa tano ya usiku, akalitoa.

Ninachotaka: elfu kumi na tano yangu, na lile faili liondolewe pale kabla hujauza lingine. Za kuku nimeshasamehe, sina pa kuzidai.

Msinijibu "ungefanya utafiti". Nimeshaambiwa na mke wangu, na yeye ana haki.

NYONGEZA: Nimeondolewa kwenye grupu saa moja iliyopita. Wenye screenshot za lile faili ziwekeni hapa chini, yangu niliifuta kwa hasira. Mtetea wa kahawia bado anakoroma, ila leo amekula.