Fundi anasema "washazoea", mie roho juu kila nikifika saiti

MjengoFuoni:
Asalaam alaikum wakuu. Nnajenga Fuoni hapa Unguja, slebu tushamwaga sasa wanapandisha kuta za juu. Jana alasiri nimefika nikamkuta saidia fundi mmoja, kijana mdogo tu, kasimama jukwaani kwenye ubao mmoja karai la zege kichwani na ubao wenyewe unacheza kama ngalawa. Jukwaa lenyewe mirunda na kamba kuukuu. Halafu pale patakapopita ngazi kwenye slebu pana shimo wamelifunika bati, kidogo nilikanyage! Nikamwambia fundi akanicheka, ati "mkwezi wa minazi nani anamfunga kamba, hawa washazoea". Sasa nifanyeje? Na mtu akianguka anakamatwa nani, mie au fundi?

FundiWaZamani:
Wa alaikum salaam. Mkwezi kaukumbatia mnazi mikono na miguu, huyo wako kakumbatia nini? Karai? Hilo bati litoe leo leo, bora hata shimo liwe wazi mtu alione. Weka mbao nene, zipigilie misumari na uandike SHIMO kwa rangi. Jukwaani mbao ziwe tatu zimebanana, ncha zifungwe zisibenuke, na mrunda mmoja upite usawa wa kiuno wa kuzuilia mtu. Kamba za nailoni zikipigwa jua miezi zinakwisha nguvu, nje unaiona nzima, badilisha zote tu. Na ngazi ipite juu ya ukingo kama mita moja hivi, sio mtu afike mwisho aanze kupapasa hewa.

Kisigino:
Mie nimeanguka nikiezeka, urefu hata haukuwa wa kutisha. Kusi linavuma nimeshika bati zima mkononi, bati likawa tanga likanitoa juu ya kenchi. Kisigino kimevunjika na mgongo mpaka leo. Tajiri kaleta mchele mara mbili basi, simu hapokei tena. Siku ya upepo msiezeke yakhe, hata fundi akinuna.

MpembaOhio:
Niko Marekani nafanya kazi za mapaa. Huku OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, kwenye nyumba za kuishi ni futi 6, kama mita 1.8, ikifika hapo au kuzidi lazima pawe na uzio, wavu au mkanda wa mwili mzima wenye kamba. Na bado kuanguka ndio kunaongoza kuua watu wa ujenzi. Kwa mita 3 unafika chini hata sekunde moja haijaisha, Bismillah huimalizi. Ila mkanda usifungwe kwenye mrunda, mtashuka pamoja. Funga kwenye nguzo ya zege, na kamba isiwe ndefu ukafika chini kabla haijakaza.

Bi_Mwera:
Kuhusu sheria, Zanzibar tunayo yetu ya usalama na afya kazini, namba 8 ya 2005, sio ile ya bara. Anayebanwa ni mwajiri. Na kama wale vijana unawalipa kwa siku kwa mkono wako, usije ukasema wewe mwenye nyumba tu.

MjengoFuoni:
Shukran sana. Lile bati nimelitoa mwenyewe asubuhi na mbao nimepeleka, fundi kanuna ila kazipiga. Sasa huo mkanda unapatikana wapi? Darajani nimezunguka duka kwa duka wananionesha wa gari.