Klabu yetu ya kujitolea inakabidhiwa cheti mwezi ujao hapa Mwanza. Tusherehekee vipi?

Fundi wa Kirumba ameandika:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa wa mnaoishi kandokando ya ziwa.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa kumi na moja niko Kirumba. Nashona sare za shule na magauni ya harusi. Mwaka jana mteja wangu mmoja, daktari, alikuja kuchukua kitenge chake akanikuta namalizia sare mbili za watoto wa jirani yangu aliyefiwa na mume. Akauliza nani analipia. Nikamwambia hakuna. Wiki iliyofuata akanialika kwenye kikao cha watu waliotaka kuanzisha klabu ya Rotary, ule mtandao wa dunia wa klabu za kujitolea. Nilivaa gauni langu zuri kuliko yote, na bado nikakaa karibu na mlango.

Leo tuko 23. Klabu mpya inatakiwa kuwa na watu wasiopungua 20 ndipo ipewe cheti. Siku mwenye duka la nyavu alipojiunga akawa wa ishirini, mama mmoja kati yetu alipiga kigelegele mpaka mhudumu akachungulia. Mimi ndiye katibu. Daftari la mahudhurio lote ni mwandiko wangu.

Sasa tumechangishana 60,000 kila mtu kwa ajili ya sherehe, jumla 1,380,000, na hapo tumegawanyika. Wengine wanataka ukumbi wa hoteli Capri Point, chakula cha jioni, muziki, picha. Siwalaumu. Wageni wanatoka mbali, na mtu akizaa lazima afurahi. Ila mimi nikiwaza fedha ile naona sura ya rafiki yangu anayeanika dagaa kwenye mwalo ninakonunulia, yaani ufukwe wanaposhushia samaki. Mwalo wenyewe siutaji. Hauna choo cha kueleweka. Akina mama wanafika saa kumi na moja alfajiri, wanaondoka saa nane mchana. Aliniambia hanywi maji asubuhi nzima ili asije akalazimika kwenda nyuma ya mawe wanaume wakimwona. Hatua chache kutoka hapo watoto wanaoga.

Sherehe ya kuzaliwa kwa klabu inafaa iweje? Na lingine limenikaa moyoni: watu husema klabu hizi ni za wenye suti. Fundi cherehani ana nafasi pale kweli, au nimebebwa tu kwa hisani ya mteja wangu?

Mstaafu Musoma:

Shikamoo zako nimezipokea hata kabla hujazitoa, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokuuma.

Tarehe 23 Februari 1905, Chicago, watu wanne walikutana ofisini kwa mmoja wao. Paul Harris, mwanasheria, ndiye aliyewaita. Silvester Schiele aliuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr alikuwa mhandisi wa migodi. Wa nne, Hiram Shorey, alikuwa fundi wa nguo. Fundi cherehani, mwanangu! Alikuwa kwenye kikao cha kwanza kabisa. Jina lenyewe la Rotary lilitokana na kuzungusha vikao, kwa Kiingereza “rotate”, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Sasa ukikaa mlangoni unamwachia nani kiti chako?

Wanawake ndio waliosubiri muda mrefu. Mlango wao ulifunguka baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1987, na miaka miwili baadaye katiba ya Rotary ikabadilishwa kwa dunia nzima. Jina lako katika daftari hilo lina waliolipigania.

Na hili lilinifanya nicheke kwa furaha niliposoma habari ya mwalo wako. Unajua kazi ya kwanza ya wale wa Chicago kwa mji wao ilikuwa nini? Walihimiza vijengwe vyoo vya umma katikati ya mji. Ilikuwa mwaka 1907. Ukiwaambia wenzako hilo kikaoni, utaona wa Capri Point watakavyonyamaza kidogo.

Mwashi Igoma:

Dada, wazo zuri, ila choo cha ufukweni kinataka akili. Nimejenga viwili kando ya ziwa na kimoja tulikirudia.

Ukichimba shimo la kawaida karibu na maji, futi tano sita unakutana na maji, na masika shimo linajaa lenyewe. Uchafu wote unarudi ziwani. Jenga tangi la matofali lililopigwa plasta ya saruji ndani, sakafu iwe juu na ngazi tatu nne za kupandia, gari la maji taka liweze kufika kunyonya. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ya ufukwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usije ukajenga halafu ukaambiwa ubomoe. Anza na mwenyekiti wa mtaa na BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, mpate eneo la juu kidogo, tena kwa maandishi.

Fedha yenu haitoshi kumaliza. Kwa hesabu yangu inatosha tangi na msingi wa matundu manne, ukipata mawe ya bure, na Mwanza mawe tunayo.

Muuguzi Nyegezi:

Naongezea kwa upande wangu. Huku kwetu tatizo kubwa ni kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi, yakifika ziwani yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kando, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini mtoto akirudi majini kesho anaambukizwa upya. Nimewapa dawa watoto walewale miaka mitatu mfululizo. Choo kinakata mzunguko pale unapoanzia. Tafadhali kijengeni.

Mama Kikoba Pasiansi:

Mdogo wangu, nani atakisafisha? Vyoo vingi havifi kwa kujengwa vibaya, vinakufa kwa kukosa mwenyewe. Tafuteni mama mmoja palepale mwaloni, akusanye 200 kwa kila anayeingia, ajilipe humo, anunue sabuni na maji. Wanaoanika dagaa walipe kwa wiki, bei nafuu.

Na sherehe msiifute! Mkila kwa huzuni mtagombana mwezi wa tatu. Fanyeni palepale mwaloni. Sato wa kuchoma, ugali, michembe na karanga kwa wazee, ngoma ya Kisukuma ya vijana wa mtaa. Akina mama wa dagaa muwalipe wapike, msiwaite wapishi wa mjini. Hapo wageni wenu watajua klabu imezaliwa wapi.

Fundi wa Kirumba:

Nimesoma majibu yenu yote kwa sauti kikaoni juzi. Nilisimama mbele, safari hii sikukaa mlangoni. Nilipofika kwa Hiram Shorey sauti ilinikatika, daktari akanimalizia sentensi.

Tumekubaliana. Cheti kitapokelewa mwaloni, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi dagaa wakiwa wameshaanikwa. Laki nne za chakula, watapika akina mama wa palepale. Zilizobaki zote ni za tangi na msingi, na aliyekuwa anadai hoteli kwa nguvu kuliko wote ameahidi lori mbili za mchanga. BMU wametuonyesha eneo karibu na mwembe wao, tumepima kwa kamba, mita 74 kutoka majini. Mwenyekiti wa mtaa ameshasaini. Mwashi Igoma, nimekutumia ujumbe, naomba uje ulione kabla hatujachimba.

Wageni nimewaandikia waje na viatu vya kutembea mchangani.

Jana nilipitia kwa rafiki yangu kumweleza. Aliendelea kugeuza dagaa, kisha akaniuliza jambo moja tu: mlango wa upande wa wanawake utafungwa kwa ndani? Nimeliandika kwenye daftari, mstari wa kwanza wa orodha ya vifaa. Komeo nne za chuma.