Gari inachemsha kwenye foleni tu, ikikimbia haina neno

BabaWatatu:
Wakuu habari zenu. Nina gari ya familia ina zaidi ya miaka 20, nimeachiwa na mzee na kuiuza siwezi. Nikiwa barabara kuu mshale wa temperecha unatulia katikati kabisa, ila nikikaa kwenye foleni kama dakika kumi unaanza kupanda, nazima AC nafungua vioo, watoto nyuma kelele. Fundi mmoja anataka atoe themostati (ile valvu inayofungulia maji ya injini yaende kupoa ikipata moto) nitembee bila, mwingine kasema injini ifunguliwe. Nina spana zangu na Jumamosi nzima, nianzie wapi?

Spana_10:
Mkuu mbona umeshajijibu. Ukikimbia upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta (pale maji ya injini yanapopozwa), ukisimama lazima uletwe na feni. Injini ikiwa imepoa washa gari, washa AC, fungua boneti usikilize, gari nyingi zenye feni ya umeme hapo inatakiwa izunguke. Kimya? Anza na fyuzi, kisha rilei (kile kiboksi kidogo kinachowasha feni kama swichi), azima rilei nyingine ya humohumo yenye namba ileile uijaribishe. Bado kimya, chomoa soketi ya feni upeleke waya mbili moja kwa moja toka kwenye betri, katikati weka fyuzi. Ikizunguka mota ni nzima, tafuta kwenye waya au swichi ya temperecha. Na vidole mbali, baadhi ya feni zinawaka hata gari ikiwa imezimwa!!

BintiGaraji:
Themostati usiiguse kwanza. Ingekuwa imekwama imefunga, gari ingechemsha hata ukiwa spidi. Na huo mtindo wa kuitoa sijui nani aliuanzisha, injini inachelewa kupata moto wake na mafuta inakunywa zaidi. Ukiwa na wasiwasi itoe uichovye kwenye sufuria ya maji jikoni uyapashe moto, nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90.

Kama feni yako ni ile ya mkanda yenye klachi katikati (kitu kinachoishika feni injini ikipata moto), maelezo ya Spana hayakuhusu. Zima gari ikiwa ya moto, toa ufunguo, izungushe kwa mkono. Ikiteleza bila kubana klachi imekwisha.

BabaWatatu:
Nimerudi wakuu, mikono myeusi. Ni ya umeme. Fyuzi nzima, rilei nzima, nimepeleka moto wa betri kimya, nikaigonga kidogo na mpini wa bisibisi ikaanza kuzunguka yenyewe!! Ila maji ya rejeta ni ya kahawia, nimekuwa naongezea ya bomba.

Spana_10:
Hahaa, kaboni za mota hizo (vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimelika. Ukigonga itakudanganya siku mbili tatu halafu ikuache njiani, badilisha kaboni au mota nzima.

BintiGaraji:
Hayo ya kahawia ni kutu. Mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, jaza kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu) nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, SIO asidi). Mfuniko fungua injini ikiwa baridi tu, ndani kuna presha, maji ya moto yatakurukia usoni. Ukishajaza washa hita mpaka mwisho, acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi hewa itoke. Mapovu yasipoisha kabisa, au oili imepauka kama maziwa, hapo ndio yule fundi wa kufungua injini anaweza kuwa na hoja.

BabaWatatu:
Oili nimechomoa stiki sasa hivi, iko safi. Naenda kutafuta kaboni.